Tovuti Yako Iko Nyumbani kwa Nani?

Hali huwa hivi. Umenunua Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kukaa kiganjani, au umefufua laptopu iliyokuwa ikikusanya vumbi juu ya kabati. Umeweka mfumo wa Linux na programu ya seva, yaani ya kutoa kurasa kwa wanaoziomba, ukaandika ukurasa mmoja wa kujitambulisha. Unashika simu, unaandika 192.168.1.20 kwenye kivinjari, na ukurasa unafunguka hata kabla hujakaa sawa. Unampigia mwenzako aliye Kakamega, kilomita hamsini hivi kutoka kwako Kisumu, unamtajia anwani ile ile. Kwake hakuna kitu. Unazima Wi-Fi na kuwasha data ya simu. Kwako pia hakuna kitu.

Wengi huacha hapo, wakidhani wameharibu mahali kwenye seva. Kwa kawaida seva haina kosa. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba tu. Ni kama kumwambia mtu "nakaa chumba namba sita": kila ploti ina chumba namba sita, na aliye nje hajui unazungumzia ploti gani.

Kwa hiyo tuvitenganishe vitu kwanza. Kinachoitwa tovuti ni vitu vinne vilivyofungwa furushi moja: jina, kwa mfano jinalako.me.ke, maandishi yenyewe na picha zake, mashine inayoyatoa, na njia anayopitia mgeni kuifikia mashine hiyo. Vinaweza kuwa mikononi mwa watu wanne tofauti, na mara nyingi ndivyo vilivyo bila mwenye tovuti kujua. Anayetaka kuendesha tovuti mwenyewe huwaza mashine, kwa sababu ndiyo inayoshikika. Sisi tunaona mashine ndiyo kitu cha mwisho cha kung'ang'ania. Jina na maandishi yakiwa yako kweli, mashine ikiungua leo unahamia nyingine kesho na msomaji hajui. Jina likiwa la mtu mwingine, hata ukijaza chumba kizima cha seva pale Milimani wewe bado ni mpangaji.

Geti mbili

Tuanze na njia, maana ndipo watu hukwama. Chukua ploti ya kukodisha Manyatta: vyumba ishirini, geti moja, keateka mmoja. Mpangaji akienda dukani, keateka amemwona akitoka, na akirudi anamfungulia. Lakini mgeni akibisha na kusema tu "nimekuja kuona mtu", keateka hajui ampeleke chumba kipi, anamrudisha alikotoka. Ruta yako hufanya kazi hiyo hiyo. Ukiiagiza kwamba yeyote anayebisha mlango (port) namba 80 au 443 apelekwe 192.168.1.20, itatii. Agizo hilo huwekwa kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, mara nyingi chini ya sehemu ya NAT. Mlango 80 ni wa HTTP, lugha ya kurasa za wavuti, 443 ni wa HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa.

Shida ya faiba nyingi za nyumbani ni kwamba kuna geti la pili. Anwani za IPv4, yaani zile za namba nne kama hiyo yako, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na zimekwisha. AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linaloigawia Afrika anwani hizo, liliingia awamu ya mwisho ya ugawaji Januari 2020. Tangu hapo mgao mmoja hauzidi anwani 1,024. Kampuni ya intaneti yenye maelfu ya wateja haiwezi kumpa kila mmoja ya kwake, basi huwaweka wengi nyuma ya anwani moja. Mpango huo huitwa CGNAT. Keateka wa ploti yako anakusikiliza. Keateka wa geti la mtaa mzima hakujui, na hakuna ukurasa wa mipangilio utakaokufikisha kwake.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Ingia kwenye ruta, kwa kawaida ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1, utazame anwani iliyo upande wa WAN, yaani upande wa nje. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya nje. Zikilingana, huna geti la pili. Zikitofautiana, na ile ya WAN iko kati ya 100.64 na 100.127 au inaanza na 10, uko nyuma ya CGNAT. Masafa hayo ya 100.64 yalitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo mahususi. Ukiyaona, usipoteze wikendi ukigeuzageuza mipangilio ya ruta.

Cha kwanza cha kujaribu ni kuuliza. Kampuni ya intaneti inaweza kukupa anwani ya umma ukiomba, ingawa mara nyingi ni kwa vifurushi vya biashara au kwa ada ya kila mwezi. Ukiipata, bado kuna mambo mawili yanayowasumbua watu. La kwanza: ifungie mashine yako namba ya ndani kwenye orodha ya DHCP ya ruta, ile inayogawa namba za ndani. Usipofanya hivyo, stima ikipotea na kurudi, mashine inaweza kuamka na 192.168.1.23, huku ruta ikiendelea kuwapeleka wageni chumba cha 20 ambacho sasa hakina mtu. La pili: ruta nyingi za bei nafuu haziwezi kumrudisha ndani mtu aliye ndani anayetumia anwani ya nje. Basi tovuti inafunguka dunia nzima isipokuwa sebuleni kwako. Pima kila mara kwa data ya simu, kamwe usipime kwa Wi-Fi ya nyumbani.

IPv6, mfumo mpya wa anwani, huondoa tatizo lote, kwa sababu namba zake zinatosha kila kifaa kuwa na anwani yake. Andika `ip -6 addr` kwenye mashine. Ukiona anwani inayoanza na 2, ni ya umma, na kinachobaki ni kuiruhusu kwenye ngao (firewall) ya ruta. Ukiona fe80 peke yake, kampuni yako haijakupa. Hata ukiwa nayo, mgeni ambaye mtandao wake hauna IPv6 hatakufikia, kwa hiyo IPv6 ni nyongeza na haitoshi peke yake.

Inayofanya kazi karibu kila mahali ni handaki. Ujanja wake ni mmoja: geti humkubali anayerudi baada ya kutoka, basi mashine ya nyumbani itoke yenyewe. Inafungua mawasiliano na seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma, na kuyashikilia wazi. Mgeni hubisha kwenye seva hiyo, nayo hupitisha ombi ndani ya handaki hadi kwako. Seva ya kukodi yenye RAM ya MB 512 inatosha, haina kazi nzito. Programu nzuri ya handaki ni WireGuard, ambayo imo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Upande wa nyumbani faili lake ni fupi:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.2/24
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_NYUMBANI
MTU = 1280

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_WAZI_WA_SEVA
Endpoint = ANWANI_YA_SEVA:51820
AllowedIPs = 10.8.0.1/32
PersistentKeepalive = 25
```

Mistari mitatu hapo ndiyo inayoleta maswali mengi. `PersistentKeepalive = 25` hutuma kijipakiti kila sekunde 25 ili geti lisisahau kwamba ulitoka. Ukiuacha, tovuti inafanya kazi unapoijaribu na kufa ukienda kulala, jambo linalofanya ugonjwa uwe mgumu kuuona. `AllowedIPs` ikiandikwa 0.0.0.0/0, kama mifano mingi inavyoonyesha, mtandao wote wa mashine hiyo utapitia seva ya kukodi. Na `MTU`, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja, ikiwa kubwa kuliko njia inavyoruhusu, kurasa ndogo zitafunguka lakini picha zitakwama katikati bila ujumbe wowote wa kosa. 1280 ni ndogo kiasi cha kupita popote, na unachopoteza ni kidogo mno.

Kwenye seva ya kukodi weka Caddy, programu ya seva ya wavuti itakayopitisha maombi, na faili lake lina mistari mitatu:

```
jinalako.me.ke {
    reverse_proxy 10.8.0.2:80
}
```

Zipo pia kampuni kubwa zinazotoa handaki bure. Zinafanya kazi, tena ni rahisi kuziweka. Ujue tu kwamba usimbaji wa HTTPS huishia kwao: bahasha hufunguliwa kwao, ikasomeka, kisha ikafungwa upya kuletwa kwako. Kwa ukurasa wa hadharani hilo si neno. Kwa picha za familia zenye nywila, ni neno.

Kabla ya kukodi, tazama ramani. Seva ikiwa Ujerumani au Uingereza, mgeni wa Kakamega hutoka Magharibi hadi Mombasa, anazama baharini hadi Ulaya, kisha ombi lake linarudi njia ile ile hadi Kisumu. Safari moja ya kwenda na kurudi Ulaya huchukua milisekunde 150 hivi. Kufungua muunganisho na kukubaliana kuhusu cheti ni safari mbili, ombi lenyewe ni ya tatu, na handaki ni ya nne. Hiyo ni zaidi ya nusu sekunde kabla herufi ya kwanza haijaonekana, kwa watu wawili wanaoweza kukutana Luanda ya Vihiga kwa matatu moja. Tena tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Siku kama hiyo, tovuti inayopitia Ulaya inaumia hata kama mwandishi na msomaji wote wako Nyanza. Seva iliyo Nairobi haina taabu hiyo: data ya kampuni za humu nchini hubadilishwa pale pale kwenye kituo cha KIXP.

Msomaji makini ameshauliza: kama tayari ninalipia seva ya kukodi, kwa nini nisiweke faili huko huko? Kwa tovuti ya kurasa thelathini za maandishi, hakuna sababu. Weka huko, mashine ya nyumbani ibaki kuwa karakana na ghala la nakala. Handaki lina maana ukiwa na mizigo ambayo kuikodia nafasi ni ghali, kama saa mia mbili za sauti au video, au ukiwa unataka kujifunza kazi hii kwa mikono.

Jina liandikwe lako

Majina yote yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, lakini wewe hununua kwa msajili aliyeidhinishwa. Kwa mtu binafsi .me.ke ipo kwa ajili yake, .co.ke ni ya biashara, .or.ke ya mashirika, na tangu 2017 unaweza kusajili .ke tupu.

Tatizo kubwa la majina hapa kwetu halihusu kompyuta hata kidogo. Fundi wa tovuti analipwa, anasajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe, mambo yanakwenda vizuri miaka miwili, kisha simu yake haipatikani. Siku jina linapoisha muda, onyo linaenda kwake. Basi usiulize fundi "je, jina ni langu?" maana atasema ndiyo, tena kwa moyo safi. Uliza maswali yanayojibika: akaunti ya msajili imefunguliwa kwa barua pepe ya nani, namba ya simu ya nani, na nani anaweza kutoa msimbo wa kuhamisha jina? Majibu yote matatu yakiwa "wewe", sawa. Lolote kati ya hayo likiwa jina la mtu mwingine, shughulikia hilo kabla ya kununua hata kebo moja. Na barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ile inayotumia jina lenyewe. Jina likizima, hutaweza kupokea barua ya kulifufua.

Ukishakuwa na jina, lielekeze. Kazi hiyo hufanywa na rekodi za jina (DNS): rekodi ya A hubeba anwani ya IPv4, AAAA hubeba ya IPv6. Kila rekodi ina TTL, yaani sekunde ambazo mitandao mingine itakumbuka jibu kabla ya kuuliza tena. Ikiwa 86400, ukihama leo kuna watakaoendelea kwenda nyumba ya zamani siku nzima. Siku moja kabla ya kuhama ishushe hadi 300, uhame, kisha uipandishe.

Barua pepe, tafadhali, usiiendeshe nyumbani. Mlango 25, unaopitisha barua pepe, mara nyingi umefungwa na kampuni za intaneti, anwani za majumbani ziko kwenye orodha za washukiwa wa barua taka, na utakachotuma kitaishia kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Lipia huduma, uelekeze huko rekodi ya MX, ile inayosema barua za jina lako ziende wapi, upumzike.

Folda moja inayobebeka

Maandishi ndiyo mali. Yaweke katika hali ambayo mashine yoyote itaielewa: faili za HTML za kawaida ndani ya folda moja. Unaweza kuziandika kwa mkono, au kutumia programu kama Hugo inayogeuza maandishi mepesi kuwa kurasa. Mtu akikushauri WordPress kwa blogu ya kurasa ishirini, jua anakupa pia PHP (lugha ya programu inayoiendesha), hifadhidata, na mlango wa kuingilia ambao roboti zitaugonga usiku kucha. Folda ya HTML haina mlango wa kuingilia. Haina cha kudukuliwa zaidi ya seva yenyewe.

Juu ya kila ukurasa andika `<html lang="sw">`, na chini yake `<meta charset="utf-8">`. La kwanza huwaambia visoma-skrini na vitafsiri kwamba hiki ni Kiswahili; ukiandika Kijaluo tumia `luo`. La pili ukilisahau, utaliona kwenye ng'. Programu za kuandikia hupenda kuibadilisha ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na bila utf-8 ng'ombe wako atatokea kama `ngâ€™ombe`. Amua kutumia alama moja kila mahali, iliyonyooka ni salama zaidi, na kwenye majina ya faili usiiweke kabisa. Andika `ngombe.html`.

Picha ndizo huua tovuti. Picha moja ya samaki ufukweni Dunga, ikitoka kwenye simu ilivyo, ina MB 4 hivi. Tano kwenye ukurasa ni MB 20, na anayezilipia ni msomaji, kutoka kwenye bando lake. Kwako pia zina gharama: faiba inayopandisha Mbps 10 hutoa MB 1.25 kwa sekunde, hivyo ukurasa huo unahitaji sekunde 16 kwa mgeni mmoja, tena akiwa peke yake. Amri moja inatosha:

```
cwebp -q 75 -resize 1200 0 samaki.jpg -o samaki.webp
```

Picha nyingi hushuka hadi kati ya KB 100 na 200, na kwa macho ya kwenye simu tofauti haionekani. Kisha, kwa kuwa viungo vyetu husambaa sana kwa WhatsApp, ongeza lebo za muhtasari wa kiungo, `og:title`, `og:description` na `og:image` kwenye kichwa cha ukurasa, na picha hiyo ya muhtasari iweke chini ya KB 300. Bila hivyo kiungo chako kitaonekana kikavu, kama vile vya matapeli, na watu watakiruka.

Kitu kingine cha kuongeza ni faili la RSS. Ni orodha ya makala zako katika muundo ambao programu za kusomea hulitazama kila baada ya muda, hivyo msomaji hupata toleo jipya bila algoriti yoyote kuamua kama anastahili kuliona. Mwaka 2013 Google ilifunga Reader, programu iliyopendwa sana ya kusomea RSS, na wengi wakatangaza kwamba RSS imekufa. Haikufa, kwa sababu haikuwa mali ya Google. Linganisha na GeoCities ya Yahoo, huduma iliyohifadhi kurasa za watu binafsi: ilipofungwa 2009 huko Marekani, kurasa za watu ziliondoka na anwani zake. Wavuti yenyewe imebaki wazi kwa uamuzi wa aina hiyo hiyo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya alikokuwa akifanya kazi Tim Berners-Lee aliyebuni wavuti, iliachilia programu za wavuti kwa umma bila malipo. Ndiyo maana leo huombi ruhusa ya mtu kuweka ukurasa.

Kuchapisha Facebook au X si dhambi. Mpangilio ndio muhimu: chapisha kwako kwanza, kisha upeleke nakala na kiungo huko.

Stima, radi na kadi ya kumbukumbu

Raspberry Pi 4 hula wati 5 hivi, sawa na uniti 3.6 kwa mwezi. Laptopu ya zamani ikiwa imetulia hula wati 12 hadi 15, yaani uniti 9 hadi 11. Zidisha kwa bei ya uniti kwenye risiti yako ya tokeni. Laptopu ina faida moja inayozidi gharama hiyo: betri. Lakini betri iliyochomekwa mwaka mzima kwa joto la Kisumu inaweza kuvimba. Kama mashine yako inaruhusu, na ThinkPad nyingi huruhusu, weka kikomo cha kuchaji kwenye `/sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold` kiwe 80. Ukitaka kufunga kifuniko bila mashine kulala, andika `HandleLidSwitch=ignore` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`.

Kwa Pi, UPS (kisanduku cha betri kinachoshikilia stima ikikatika) ya kawaida ya VA 650 ina betri moja ya volti 12, Ah 7. Hiyo ni Wh (saa-wati) 84, na betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, basi una Wh 42. Pi na ruta pamoja ni wati 15 hivi. Ukitoa kinachopotea ndani ya UPS yenyewe, utapata saa mbili na ushei. Betri ya LiFePO4 ya Ah 20 ina Wh 256. Ukitumia asilimia 80 yake unapata kama saa 13, inayotosha usiku mzima. Usichomeke ruta moja kwa moja kwenye betri inayochajiwa, kwani volti hupanda hadi 14 na zaidi. Weka kigeuzi cha kuishikilia 12, na kingine cha 5 kwa Pi.

Pi ikizimika ovyo, mara nyingi kosa ni kebo nyembamba ya USB ya kuchajia simu. Andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu `0x0` ni afya njema. `0x50005` ni njaa ya umeme, badilisha kebo na chaja. Kadi ya kumbukumbu nayo hufa kwa kuandikwa sana na kwa stima kukatika katikati ya kuandika. Hamishia mfumo kwenye SSD ya USB. Ukibaki na kadi, ipime kwanza kwa programu ya f3, maana kadi bandia inayosema GB 64 na kubeba 8 si kitu kigeni. Jambo moja zaidi linalowashangaza watu: Pi 4 haina saa yenye betri. Ikiamka baada ya giza huwa nyuma ya wakati, na kila cheti inachokikagua huonekana kibovu, hadi NTP, huduma ya saa ya mtandaoni, iisahihishe. Ipe dakika chache kabla ya kuanza kubomoa.

Radi ni habari nyingine. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na kile kifaa cha kulinda friji hakizuii radi: kimetengenezwa kwa volti zinazopanda na kushuka, nayo radi ni ya haraka kupita uwezo wake. Kinachoua vifaa zaidi ni kebo ndefu ya shaba kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kati ya majengo tumia faiba au Wi-Fi. Mawingu ya alasiri yakijikusanya juu ya vilima vya Nandi na wewe uko nyumbani, chomoa.

Wageni wasioalikwa

Cheti cha HTTPS hutolewa bure na Let's Encrypt, na Caddy hukichukua na kukihuisha yenyewe. Ili kikubali, jina liwe tayari linaelekea kwenye mashine na mlango 80 uwe wazi. Ukiona kinakataa, usijaribu mara kumi mfululizo: majaribio matano yaliyoshindwa ndani ya saa moja kwa jina moja hukufungia kwa muda. Tengeneza rekodi ya A kwanza.

Dakika chache baada ya kufungua milango utaona kwenye kumbukumbu za seva maombi ya `/wp-login.php` na `/.env`. Si adui anayekujua; ni roboti zinazogonga kila nyumba duniani. Kwa folda ya HTML zinaambulia 404, yaani "ukurasa haupo". Linalohitaji ulinzi ni SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali: tumia ufunguo, weka `PasswordAuthentication no`, washa masasisho ya usalama ya kiotomatiki, na usifungue mlango wake, 22, kwa umma ikiwa unaweza kuingia kupitia handaki. Ukiweka fomu ya kuchukua majina na namba za simu, umeanza kuhifadhi data za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu. Kiungo cha barua pepe kinatosha.

Nakala zako ziwe tatu: moja kwenye mashine, moja kwenye diski inayochomolewa, moja mbali na nyumba, kwa ndugu Eldoret au kwenye seva ya kukodi. `rsync -a` ya kila usiku inatosha. Kisha Jumamosi moja isiyo na shughuli, zima mashine kabisa. Chukua kompyuta nyingine yoyote, rudisha folda kutoka kwenye nakala ya mbali, sakinisha Caddy, elekeza jina, halafu mpigie yule mwenzako wa Kakamega afungue kwa data ya simu. Zikipita dakika 40 hajaona kitu, andika kwenye karatasi umekwama hatua gani, na karatasi hiyo uibandike ndani ya kabati, karibu na ruta.